Mchwa wa Namba Kumi na Nne

Maabara ya hospitali kuu
Jumatano, 5 Machi

Baba, shikamoo.

Chupa imefika salama. Dereva wa gari la dawa ameipakata njia nzima, anasema ulimwambia ikivunjika utamvua ngozi umshonee mtu mkoba. Baba, tafadhali, tusiwatishe watu tunaowategemea. Barafu ilikuwa haijaisha, na shashi iliyotoka kwenye kidonda chako ilikuwa bado mbichi ndani ya kichupa, kama nilivyomwelekeza muuguzi.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti mama mdogo hudhani namgombeza yeye. Yale mapipa ya kiwanda chenu cha ngozi mnayoyaita ngoma, yanayozungusha ngozi kutwa kucha, yameyamaliza masikio yako. Basi soma polepole, na usirukie mwisho.

Uliuliza ninapima nini. Ngozi ikijeruhiwa, mwili hutoa vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinaitwa vimeng'enya. Kazi yake ya kwanza ni kula. Vinakula nyama iliyokufa na nyuzi za ngozi zilizokatika, vinasafisha kiwanja, ndipo ngozi mpya ijengwe juu yake. Wewe huna haja ya kufundishwa haya. Ni kama ule unga wenu wa stoo, ule mnaouita mchwa. Ngozi ya ng'ombe ikitoka kwenye chokaa huwa ngumu kama mlango. Mnaitia mchwa kwenye maji ya uvuguvugu, mchwa wanakula uchafu uliobaki kati ya nyuzi, na ngozi inalainika mpaka ukiibonyeza kwa kidole gumba alama inabaki. Nilikuwa na miaka sita uliponifundisha kubonyeza, na ndiyo sababu mpaka leo unaniita Kidole. Basi na wewe mwilini mwako una mchwa wako.

Ninachofanya ni hiki. Namimina jeli nyembamba kwenye sahani ya kioo, naitoboa tundu, natia tone la majimaji ya kidonda. Baada ya siku moja jeli iliyoliwa inabaki duara tupu, napima upana wake kwa rula. Jeli yenyewe hutengenezwa kwa mabaki ya ngozi, najua utacheka. Kwa wagonjwa wanaopona vizuri napata milimita nane mpaka kumi na mbili. Kwako nimepata nne. Mchwa wako wamelala, baba. Wakiamka, kidonda kitajisafisha, na yule daktari wa upasuaji atafute mguu mwingine wa kukodolea macho.

Jambo moja zaidi. Humu kwenye utafiti wetu wewe ni namba kumi na nne, hakuna jina. Haturuhusiwi kupima ndugu zetu, na mkuu wa maabara ni mama asiyecheka. Muuguzi anajua, basi. Usiende kujisifu kiwandani.

Mwanao,
Kidole


Nyumbani
Jumatatu, 10 Machi

Kidole wangu,

Marahaba. Nilikusomesha nikidhani utakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha kuzunguka, kumbe unapima usaha wa baba yako kwa rula. Haya, kazi ni kazi.

Kiwandani wameutengeneza mlango wa ngoma namba tatu, ule ulionipiga ugokoni Desemba. Wameupaka rangi nyekundu ili watu wauone. Wamengoja unile mimi kwanza.

Daktari wa upasuaji alipita zahanati Ijumaa. Yule bwana hanitazami usoni, anaongea na mguu. Sikusikia hata neno moja, ila nilimwona anatoa kalamu ya wino na kuchora mstari chini ya goti langu, kuzunguka mpaka nyuma. Muuguzi akaniandikia kwenye karatasi: atarudi tarehe 28 Aprili, na kama hakuna mabadiliko, "tutakata hapo". Tutakata! Kana kwamba na mimi nitashika msumeno. Mstari wenyewe nimeusugua kwa sabuni mara nne na bado upo.

Nitakueleza wewe kwa sababu hakuna mwingine. Ninaogopa. Kazi yangu ni ya kusimama. Ngozi mbichi ina uzito wa mtu mzima, unaitandaza juu ya gogo, unaiegemea kwa tumbo, unaikwangua, na miguu yote miwili inasukuma chini. Mtu wa mguu mmoja pale atafanya nini, atahesabu vifungo? Jumamosi nilijikongoja mpaka kiwandani kuwasalimia. Walinipa kiti. Tangu nianze kazi sijawahi kupewa kiti pale, na nimechukia mpaka leo. Nikaondoka hapo nikaenda kukaa stoo na mtunza stoo, maana yeye angalau hukaa na kila mtu.

Umesema nne. Unataka ngapi? Nane? Kutoka nne mpaka nane si mbali.

Baba yako


Maabara
Alhamisi, 20 Machi

Baba!

Kumi na moja! Nimepima mara mbili nikidhani rula inanidanganya, kisha nikamwita mwenzangu wa meza ya pili apime yeye, akapata kumi na moja na nusu. Kutoka nne, ndani ya wiki mbili. Nilitaka kuruka, nikakumbuka nimeshika vioo.

Hongera, baba. Hongera sana. Sijui umefanya nini, labda ni kupumzika, labda ni mboga za mama mdogo, lakini chochote unachofanya usikiache. Mchwa wameamka.

Leo nimeyapandisha majibu yako kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Namba kumi na nne ndiyo iliyopanda kuliko zote. Nilisimama pale kama ninayesoma tangazo, nikijizuia kutabasamu.

Mwanao mwenye furaha,
Kidole


Nyumbani
Jumatatu, 24 Machi

Kidole wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mama mdogo nimemsomea mpaka amekasirika kwamba mboga zake zimeitwa "labda". Nimeiweka ndani ya kifuko cha kitambulisho changu cha kazi. Watu wamenipa mengi maishani, mkono, kiti, saa ya ukutani isiyotembea, ila hongera ya maandishi ndiyo hii ya kwanza.

Unauliza kinauma? Kinawasha. Kinachoma kidogo jioni. Nami najiambia, wanaofanya kazi lazima wasikike. Ngozi ikiwa ndani ya ngoma nayo hailali kitandani.

Sasa nijibu swali langu, usinipige chenga. Kumi na tano ni bora kuliko kumi na moja? Na ishirini je? Mwisho wake ni ngapi, ile alama ambayo daktari akiiona atafunga begi lake aende zake?

Baba yako, namba kumi na nne


Maabara
Alhamisi, 3 Aprili

Baba, shikamoo.

Wiki hii ni kumi na tisa. Ni kubwa.

Nimebanwa na kazi na sitaandika sana. Lala mguu ukiwa juu ya mto. Kunywa maji. Usitembee bila sababu. Je, unapata homa? Usingizi unapata? Kile kidonda kina rangi gani pembeni? Mwambie muuguzi aniandikie, wewe utanitania tu. Na swali lako sijalisahau, tusubiri kwanza majibu ya wiki ijayo.

Nimeandika sentensi tano hapa nikazifuta zote, samahani kwa uchafu wa karatasi.

Kidole


Nyumbani
Jumatatu, 7 Aprili

Kidole,

"Ni kubwa." Nimeipata. Maneno machache, lakini nimekuelewa, wataalamu hawapendi kusifia sana kabla ya wakati.

Muuguzi amekuwa na uso wa mtu aliyemeza mwiba. Ananivuta kitandani, ananinusa, anaandika andika. Nikamwonesha barua yako, nikamwekea kidole pale penye kumi na tisa. Hakufurahi. Nadhani watu wa zahanati huoneana wivu na watu wa maabara.

Nina jambo nitakusimulia mguu ukipona. Utacheka mpaka ushike mbavu.

Baba yako


Zahanati
Jumatatu, 14 Aprili

Dada wa maabara,

Pole na kazi. Nakuandikia bila baba yako kujua, na unisamehe kama nitakuwa mkavu.

Kidonda kinazidi kupanuka. Mwezi uliopita kilikuwa upana wa kifuniko cha soda, sasa hata kiganja changu hakikifuniki. Kingo zake zimelainika na kuwa nyeupe, nikizifuta kwa pamba zinatoka na pamba. Mzee anauma meno, anacheka, anasema wanafanya kazi. Nani hao wanaofanya kazi? Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa.

Daktari wa upasuaji amekwisha kuona karatasi ya majibu yenu. Ameniambia kwa namba kama hiyo hakuna haja ya kusubiri muujiza. Tarehe 28 inabaki, saa mbili asubuhi, na kitanda nimekwisha kuandaa. Mzee hajui kwamba uamuzi umetokana na majibu yako. Sijui kama wewe unajua.

Kitu kingine. Harufu yake si ya kidonda kilichooza, hiyo naijua. Hii inachoma pua, kama choo cha kituo cha mabasi. Nikachukia, nikamlaza zahanati kwa nguvu kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, sikumruhusu hata kwenda kuchukua kandambili zake. Siku hizo tatu majimaji yalipungua kwa nusu. Amerudi kwake jana. Leo harufu ipo tena. Nakutumia shashi mbili, ya Jumapili na ya leo, nimezifunga nyuzi za rangi tofauti. Zitazame vizuri, dada yangu. Mimi sina vyombo, nina pua tu.

Muuguzi wa zamu


Maabara
Alhamisi, 17 Aprili

Baba,

Leo sina shikamoo.

Shashi ya Jumapili, uliyolala nayo zahanati: milimita nane. Shashi ya Jumatatu, siku moja baada ya kurudi nyumbani: ishirini na tatu. Hakuna mwili unaofanya hivyo kwa siku moja.

Vimeng'enya vya kidonda cha mtu haviendi bila madini ya zinki. Nikatia dawa inayoinyakua hiyo zinki. Vya wagonjwa wengine vyote vilisimama. Vya kwako vikaendelea kula kana kwamba sijatia kitu. Nikajaribu kizuizi kingine, kinachotolewa kwenye soya. Vikanyamaza papo hapo. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama ile sahani mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Kimeng'enya kinachozimwa na soya namna ile hutoka kwenye kongosho. Baba, kongosho lako liko tumboni. Linatafuta nini ugokoni?

Kisha nikakumbuka gunia. Gunia la stoo lenye picha ya ng'ombe, na chini yake maandishi madogo niliyokuwa nakusomea nikiwa darasa la pili kwa sababu hukutaka kununua miwani: umetengenezwa kwa kongosho la ng'ombe. Umetia mchwa kwenye mguu wako! Umechukua unga unaolainisha ngozi ya mnyama aliyekufa, ukaunyunyizia kwenye nyama yako iliyo hai, kila jioni, ukauma meno, ukanichekea kwenye barua!

Nimelia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui niielekeze wapi, maana niliposoma nakala ya barua yangu ya kwanza niliona nani alikufundisha. Ni mimi niliyesema ni kama mchwa wa stoo. Ni mimi niliyesema wamelala. Ni mimi niliyekupa hongera na kukwambia usiache. Uliponiuliza kama kumi na tano ni bora kuliko kumi na moja, nilijua jibu. Jibu ni hapana. Wakizidi wanakula na kile kinachojengwa, wanakula hata mjenzi. Sikukwambia kwa sababu niliogopa kukutisha, nikaandika "ni kubwa" kama mjinga, na wewe ukaongeza kijiko.

Na hili nalo lijue kutoka kwangu. Daktari anakata kwa sababu ya karatasi niliyoisaini mimi.

Acha leo hii. Oga mguu kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Mpe muuguzi unga wote uliobaki, hata ule ulioficha mahali pengine, maana nakujua. Nijibu kwa gari la Jumanne.

Kidole


Maabara
Alhamisi, 24 Aprili

Baba,

Chupa imekuja tupu. Hakuna barua, hakuna shashi, hata barafu hakuna. Nimeigeuza nikaipiga makalio kama inayoficha kitu. Dereva anasema muuguzi alimwambia mzee hataki kutuma. Hutaki nini? Umekasirika? Umeanza homa? Umeacha au unaendelea? Nilimpigia mama mdogo, ameniambia umejifungia chumbani unatazama ukuta, chakula unakirudisha.

Sina muda wa kukubembeleza. Jana nimeingia kwa mkuu wa maabara nikafunga mlango. Nikasema namba kumi na nne ni baba yangu mzazi, nilimwingiza kwa siri, na majibu yake yote tangu Machi ni uongo kwa sababu kidonda kilitiwa unga wa kiwanda. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza nina miaka mingapi humu ndani. Kisha akampigia daktari wa upasuaji mbele yangu.

Daktari anasema hawezi kuahirisha kwa maneno ya binti anayemlilia baba yake. Anasema mguu ameuona kwa macho yake, na umeharibika. Anataka kusikia kwako mwenyewe nini kilitiwa, kiasi gani, siku ngapi. Ukikaa kimya, Jumatatu saa mbili wanakulaza mezani. Najua hutamsikia atakachouliza. Nimekuandikia karatasi, iko ndani ya bahasha hii, mpe tu aisome.

Usione haya, baba. Haya ni ya watu wenye nafasi. Sisi tuna siku nne.

Sili, silali, nakwenda dirishani na kurudi.

Kidole


Zahanati
Jumanne, 29 Aprili

Kidole wangu,

Naandika kwa mkono wangu na nimekaa kwa makalio yangu na miguu yangu yote miwili ninaiona. Nimeanza na hilo ili upumue. Pumua.

Sasa nikueleze kwa nini chupa ilikuja tupu. Sikukasirika nawe hata kidogo. Unga niliuacha siku ile ile barua yako ilipofika, ila nilikosa uso. Mtu wa miaka sitini na moja, aliyezijua ngozi kabla hujazaliwa, amejilainisha mwenyewe kama kipande cha kiatu. Ningekuandikia nini? Nilikaa nikautazama ukuta na ukuta ukanitazama.

Na nisikufiche tena. Uliposema wamelala niliona aibu, kana kwamba hata mwili wangu umekaa kwenye kile kiti walichonipa. Nilichota stoo mara ya kwanza kijiko kimoja, ndani ya karatasi ya sigara. Kikasafisha! Ule uchafu mweusi ulitoka wote kwa siku tano, muuguzi mwenyewe alishangaa. Ndipo ikaja hongera yako. Kidole, ungenipa sumu na hongera juu yake, ningekunywa. Kijiko kikawa viwili. Kilipouma nilisema kinafanya kazi, kilipouma zaidi nilisema kinafanya kazi zaidi. Nilitaka kukupa namba nzuri uibandike ukutani.

Karatasi yako kwa daktari sikuitumia. Samahani. Ilikuwa nzuri mno, maneno yalikuwa marefu, na ningekuwa nimejificha nyuma yako tena. Jana alfajiri nilichukua vipande viwili vya ngozi iliyotoka chokaani, mtunza stoo aliniletea mwenyewe na hakuniuliza kitu. Kimoja nikakiweka kwenye maji matupu ya uvuguvugu, kingine nikakitia kijiko kimoja cha mchwa waliobaki. Saa mbili nikaingia chumba cha upasuaji nimebeba mabakuli mawili, muuguzi nyuma yangu ameshika la tatu lenye unga. Daktari akafungua mdomo. Sikumsikia, na nikashukuru kwa hilo.

Nikabonyeza kile cha kwanza kwa kidole gumba. Kikasukuma kidole, alama hakuna. Nikabonyeza cha pili. Kidole kikazama, nikakitoa, alama ikabaki pale na mistari yake yote kama nimesaini. Nikafungua bandeji, nikabonyeza ukingo wa kidonda changu mwenyewe. Na pale pia alama ikabaki. Nikamwambia, "Daktari, hivi ndivyo nilivyoufanya mguu huu, usiku na mchana, siku arobaini. Ugonjwa si huo unaouona. Ni mimi."

Mwanangu, yule bwana akanitazama usoni. Mara ya kwanza. Alitazama bakuli, akatazama mguu, akabonyeza ngozi ya ng'ombe yeye mwenyewe mara mbili. Kisha akamwandikia muuguzi na muuguzi akanionesha: wiki sita, alale hapa zahanati, asiguse kitu, nikija tena bila nafuu nakata bila kuzungumza. Kwenye kile kitanda kilichoandaliwa ndipo nilipolala jana.

Niambie mkuu wako amekufanya nini. Usinifiche kama nilivyokuficha.

Baba yako


Maabara
Alhamisi, 8 Mei

Baba, shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ile ya tarehe 17 niliyokunyima.

Nilisoma barua yako nimesimama koridoni, na pale penye mabakuli mawili nilikaa chini sakafuni. Watu walinipita juu juu.

Umesema nisikufiche. Nimetolewa kwenye utafiti. Namba kumi na nne imepigwa mstari mwekundu kwenye karatasi ya ukutani, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi sasa niko chumba cha nyuma, naosha vioo vya wenzangu, mirija, sahani, vichupa, kutwa mikono ndani ya maji ya sabuni. Mkuu alisema ni mpaka mwisho wa mwaka, kisha tutaona. Alisema pia kwamba angeweza kunifukuza, na kwamba hakunifukuza kwa sababu niliingia mwenyewe na kufunga mlango. Sijui kama hiyo ni sifa. Inauma, siwezi kusema haiumi. Natamani rula yangu. Lakini naomba usije ukaandika kwamba umeniponza, maana nitaichana barua.

Shida iliyobaki ni moja tu. Siruhusiwi tena kukupima. Ukituma shashi nitaitupa. Hakuna atakayeniambia mguu unaendaje, hakuna duara, hakuna milimita. Muuguzi ana kazi nyingi na haandiki ila kukiwa na balaa. Kwa hiyo safari hii, baba, utaniambia wewe. Kwa maneno. Kinachouma uandike kinauma. Kama kimerudi nyuma uandike kimerudi nyuma. Mimi huku sina chochote cha kukukagulia, nitaamini utakachoandika, na hilo linanitia kiwewe kuliko namba yoyote niliyowahi kuiona.

Kidole


Zahanati
Jumanne, 10 Juni

Kidole wangu,

Barua nne fupi nilizokutumia mwezi uliopita zilikuwa za kweli zote. Ile iliyosema "leo nimelia" ni ya kweli, ile iliyosema "kinanuka" ni ya kweli, na ile iliyosema nimemtukana muuguzi ni ya kweli pia, nimemwomba radhi. Na hii ya leo ni ya kweli vilevile. Isome polepole, usirukie mwisho.

Mguu umepungua nyama, umekuwa kama wa mtu mwingine. Kifundo hakijikunji vizuri. Asubuhi unauma nikiushusha kitandani, damu inapoteremka, kisha unatulia. Usiku unawasha, na safari hii namaanisha kuwasha. Muuguzi ananifunga mikono kwa shuka nisikikune. Kule juu, penye mstari wa daktari, wino umeisha. Sikuusugua tena. Ngozi ilijibadilisha yenyewe na mstari ukaondoka nayo.

Kidonda kimefunga. Si chote, kimebaki kitundu kama cha kifungo cha shati upande wa nje, bado kinatoa maji kidogo. Palipofunga pana ngozi nyembamba, inang'aa, rangi ya ndani ya mdomo. Haina hata unywele mmoja. Kwa ufundi wangu ningesema ni ngozi duni, haifai hata mkanda wa saa. Daktari alikuja Ijumaa, akaitazama, akaingiza kalamu mfukoni. Ameandika hakati. Ameandika pia kwamba kwenye ngoma sitarudi tena, mguu huu hautabeba ngozi mbichi. Hilo nililijua kabla hajaandika. Niliposoma nilitazama ukuta kidogo, kisha nikala chakula changu chote. Kiwandani wamesema naweza kufundisha wapya kubonyeza. Nikawauliza, nimekaa au nimesimama? Wakasema nichague.

Sasa jambo la mwisho. Jana, muuguzi alipotoka kwenda kuchemsha vyombo, nilifanya kitu kimoja bila ruhusa yake wala yako. Usishtuke, sikutia kitu. Niliosha mikono kwa sabuni. Nikaweka kidole gumba juu ya ile ngozi mpya, katikati kabisa, nikabonyeza kama nilivyokufundisha, taratibu, mpaka kucha ikawa nyeupe. Nikakitoa. Alama ilikuwepo, na mistari yake yote. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili, nikaita jina la mama yako. Nilipofika tatu ile ngozi ikaanza kujinyanyua, ikajaa wekundu, alama ikafifia, na nilipofika tano hapakuwa na kitu tena, nyama tu, ya moto.

Nimebonyeza tena mara sita kuhakikisha. Inarudi, Kidole. Kila ukiibonyeza inarudi.

Mwambie mkuu wako asiyecheka, na umwambie kwa sauti kama ile unayonipazia mimi kwenye simu: namba kumi na nne bado si kiatu.

Baba yako